Kurekodi albamu ya jina langu: niliyojifunza kwa Damon Albarn

Mwanamuziki wa Uingereza Damon Albarn alipotoa albamu ya Everyday Robots, mwezi Aprili 2014, alikuwa na umri wa miaka 46, na albamu ya kwanza ya bendi yake ya Blur ilikuwa imetoka mwaka 1991. Katika muda huo aliongoza bendi hiyo, iliyokuwa miongoni mwa nguzo za roki ya Uingereza katika miaka ya 1990, akaanzisha Gorillaz, kundi ambalo wanamuziki wake hujificha nyuma ya vikatuni vilivyochorwa na Jamie Hewlett, akaenda Mali kurekodi na Afel Bocoum na Toumani Diabaté, akaenda Kinshasa mwaka 2011 pamoja na watayarishaji kadhaa kurekodi na wanamuziki wa mji huo, na akatunga hata opera. Jambo ambalo hakuwa amelifanya ni kuingia studio na kutoka na albamu kamili ya nyimbo zinazobeba jina lake peke yake. Mimi nimepiga gitaa la rizimu katika bendi za muziki wa dansi Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na nilipoamua kurekodi nyimbo zangu mwenyewe sikutafuta mfano wa kijana anayechipukia. Nilimtafuta mtu aliyechelewa.

Kuchelewa kwake hakukunishangaza. Mtu aliyelelewa na bendi huzoea kuusikia wimbo wake ukiwa mikononi mwa wengine: anauleta mazoezini ukiwa na maneno na sauti tu, mpiga solo anatafuta njia yake, besi inakaa mahali pake, mpiga tumba anaamua mwendo, na jioni ikifika wimbo umeshakuwa wa bendi. Kwetu mazoea hayo yana mizizi mirefu kiasi kwamba hata Mbaraka Mwinshehe, alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973, hakwenda kuimba peke yake bali aliunda Super Volcano. Remmy Ongala naye, alipokwenda Uingereza kurekodi katika studio za Real World mwishoni mwa miaka ya 1980, jalada lilibeba jina lake pamoja na la Orchestre Super Matimila. Mwanamuziki wa dansi akisema anataka kurekodi za kwake, swali la kwanza analoulizwa ni amegombana na nani. Mimi sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa na nyimbo ambazo ukumbini hazichezeki, basi.

Niliisikiliza Everyday Robots kwanza kama mpiga rizimu, yaani nikitafuta kazi yangu imewekwa wapi, na kwa kweli sikuiona. Wimbo wa kwanza, ambao ndio uliipa albamu jina, unaanza kwa sauti ya zamani ya mchekeshaji wa Kimarekani Lord Buckley, aliyefariki mwaka 1960, kisha kipande kifupi cha fidla kinazungushwa na kurudiwa kama kwamba sindano ya santuri imenasa, halafu piano inaweka noti chache, na mdundo wenyewe ni milio midogo mikavu ambayo mtu angeweza kuipata kwa kugonga vitu vya mezani. Albarn anaimba kwa sauti ya chini, karibu ya kuongea, kuhusu watu wanaorudi makwao jioni huku kila mmoja ameinamia simu yake. Hakuna mahali wimbo unapopanda. Aliyezoea sebene atakaa akisubiri gitaa lichomoke, na gitaa halitachomoka.

Nilichokuja kukielewa, baada ya kuisikiliza albamu hiyo usiku mwingi kwa spika za masikioni, ni kwamba utulivu ule umejengwa kwa kazi, wala si uvivu wa mtu mwenye jina kubwa. Kila ala inaingia mara moja, inasema lake, inatoka. Katika Lonely Press Play, mdundo unayumba kidogo mbele ya piano na sauti inafika ikiwa imechelewa nusu hatua, jambo ambalo mpiga drams wetu angelisahihisha palepale mazoezini. Kwa muda mrefu kazi yangu katika bendi ilikuwa kuziba nafasi: rizimu haiachi tundu, kwa sababu tundu likionekana wachezaji wanarudi vitini. Nikiwa na nyimbo zangu mwenyewe ilinibidi nijifunze kinyume chake, na mkono wa kulia ndio uliokataa zaidi kuliko akili. Akili ilikubali siku ileile; mkono ulihitaji majuma.

Jambo la pili, na pengine ndilo zito zaidi, ni namna nyimbo za albamu hiyo zilivyochaguliwa. Mtayarishaji alikuwa Richard Russell, mkuu wa kampuni ya XL Recordings, ambaye mwaka 2010 alikuwa amemtengenezea Gil Scott-Heron albamu yake ya mwisho, na mwaka 2012 yeye na Albarn walishirikiana kumrudisha Bobby Womack studio. Kwa hiyo walikuwa wanajuana kazini. Albarn, ambaye ana studio yake magharibi mwa London iitwayo Studio 13 na ambaye angeweza kabisa kujitayarishia kila kitu, alimwekea Russell mezani makumi ya nyimbo na kumwachia nafasi kubwa ya kuamua zipi zibaki. Zikabaki 12, na mbili kati ya hizo, Parakeet na Seven High, ni vipande vifupi vya ala tupu. Fikiria maana yake: mtu anafanya kazi ya kwanza yenye jina lake peke yake, halafu uamuzi mkubwa kuliko yote anamkabidhi mwingine.

Mimi nilimwendea kijana mmoja mwenye studio ndogo Sinza, ambaye umri wake unalingana na wa mwanangu na ambaye riziki yake anaipata kwa kutengeneza nyimbo za Bongo Fleva na matangazo ya redio. Wenzangu wa bendi walidhani nimechanganyikiwa. Sababu yangu ilikuwa moja tu: kijana yule hakuwa na kumbukumbu yoyote ya ukumbini iliyomfungamanisha na nyimbo zangu. Hakujua ni upi niliutunga wakati gani, wala ni upi uliwahi kushangiliwa. Nilimpelekea nyimbo zote nilizokuwa nazo, nikapiga gitaa na kuimba mbele ya kipaza sauti kimoja, nikaondoka. Aliponiita tena alikuwa ameacha chini ya nusu, na miongoni mwa alizozitupa ulikuwamo wimbo niliokuwa nimeupanga uwe wa kufungulia.

Sikunyamaza, nilibishana naye. Mtu mzima anaweza kumsikiliza kijana bila kujifanya bubu. Lakini nilijiwekea sharti kwamba hoja yangu isiwe “wimbo huu ni wangu,” kwa sababu zote zilikuwa zangu, na sharti hilo liliponyamazisha nusu ya mabishano ndipo niliposikia vizuri alichokuwa anasema. Alisema kwamba katika nyimbo alizozitoa nilikuwa naimbia watu waliosimama, na katika alizozibakiza nilikuwa naimba nikiwa nimekaa. Nilirudi nyumbani nikazisikiliza tena zote kwa kigezo hicho. Wimbo mmoja tu ndio niliodai urudi, na ukarudi bila gitaa langu, ukiwa na kinanda na sauti peke yake.

Hapo ndipo jalada la Everyday Robots lilipoacha kuwa picha tu machoni pangu. Linamwonyesha Albarn ameketi juu ya kigoda, kichwa kimeinama, na nyuma yake hakuna kitu ila rangi ya kijivu. Hakuna gitaa, hakuna jukwaa.

Wimbo ulionifundisha zaidi kuandika ni Hollow Ponds. Hollow Ponds ni mabwawa yaliyopo Leytonstone, mashariki mwa London, pembezoni mwa msitu wa Epping, mahali watu hukodi mitumbwi siku za mapumziko, na Albarn aliishi eneo hilo utotoni kabla familia yake haijahamia Essex. Muziki wake unakwenda taratibu sana, na maneno yake kwa sehemu kubwa ni mahali na mwaka, mahali na mwaka: joto kali la 1976, barabara ya kwao iliyoliwa nusu na barabara kuu mwaka 1991, maneno yaliyopuliziwa rangi ukutani mwaka 1993, mwaka ambao Blur walitoa albamu yao ya pili kwa jina lililotokana na maneno hayo. Haelezi alivyojisikia. Msikilizaji wa Dar es Salaam hajui mabwawa hayo na hajui barabara hiyo, na bado anaelewa kwamba mtu huyu anahesabu kilichobadilika. Mimi nilielewa zaidi kuliko nilivyowahi kuelewa wimbo wowote unaosema kwa maneno ya jumla kwamba zamani palikuwa pazuri.

Nilikuwa na wimbo wa nyumbani, kwa maana ya Upareni, wilaya ya Same, wimbo ambao kila mwanamuziki anayetoka bara na kuishi mjini anao: milima, mama, maji ya mfereji, hewa safi. Kijana wa Sinza aliutupa bila huruma. Niliuandika upya kwa njia ya Hollow Ponds. Nikaweka mvua za El Niño za mwaka 1997 kuingia 1998, zilizotukatia barabara ya kupandia milimani. Nikaweka stesheni ya Same, ambayo kwa zaidi ya miaka 20 treni ya abiria haikupita hadi safari za kwenda Moshi ziliporudi Desemba 2019, na watu wazima wakajipanga kando ya reli kuitazama kama watoto. Nikaweka mashamba ya mkonge, nikaweka jina la mwembe ambao sasa haupo. Neno “nyumbani” lilitoka lenyewe, halikuwa na kazi tena. Wimbo ukawa mrefu na hauna kiitikio, na ndio ambao watu wa Same wananipigia simu kuniuliza mambo yake, hasa kunisahihisha tarehe. Kusahihishwa tarehe na wasikilizaji ni furaha ambayo wimbo wa mapenzi haukuwahi kunipa.

You and Me ni suala jingine, na nilikaa nao kwa tahadhari. Una urefu wa takriban dakika saba na kwa kweli ni nyimbo mbili zilizounganishwa. Sehemu moja inapita katika mitaa ya magharibi mwa London, All Saints Road na Westbourne Grove, eneo la tamasha la Notting Hill lililoanzishwa na wahamiaji wa Karibiani, na mapipa ya chuma ya muziki wao yanasikika ndani yake. Humo humo, katikati ya picha za mtaa, anataja karatasi ya foili na kiberiti cha gesi, na siku tano za kutumia na mbili za kuacha. Ni heroini. Mwaka huo wa 2014 Albarn alizungumza waziwazi katika mahojiano kwamba aliitumia katika miaka ya 1990. Ndani ya wimbo, hata hivyo, hakuna toba wala hakuna sifa; foili imewekwa pale kama barabara ilivyowekwa, na wimbo unaendelea na safari yake.

Dar es Salaam tunaijua heroini kwa jina la unga, na katika muziki tumewazika watu. Rafiki yangu mpiga besi, ambaye simtaji kwa sababu familia yake ipo, alipitia huko na akawa miongoni mwa waliokwenda Muhimbili, ambako huduma ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilianza mwaka 2011. Dawa ile kwa kawaida hunywewa pale pale kituoni, mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa hiyo maisha ya mpiga besi anayemaliza kazi alfajiri yalipangwa upya na dirisha moja la hospitali. Nyimbo zetu za unga, na zipo nyingi, karibu zote ni mahubiri: vijana acheni, unga unaua. Sizidharau, lakini rafiki yangu alikuwa akizikuta redioni ndani ya daladala akielekea Muhimbili, na alikuwa akicheka. Niliandika wimbo wa safari ile ya asubuhi na hakuna mahali ndani yake unga unapotajwa. Kuna daladala, kuna chenji, kuna kikombe kidogo cha plastiki, kuna mtu anayerudi nyumbani kulala wakati wengine wanakwenda kazini. Kabla ya kuurekodi nilimwimbia mwenyewe, kwa kuwa ni maisha yake, naye akaniambia niondoe mstari mmoja uliokuwa unamhurumia. Niliuondoa.

Sasa nifike kwa Mr Tembo, wimbo wa nne, ambao ndio kwa kweli ulionifanya niitafute albamu nzima. Kwa Mtanzania jina hilo halipiti hivi hivi. Albarn ameeleza kwamba aliutunga kwa ajili ya mtoto wa tembo aliyekutana naye katika hifadhi ya Mkomazi, aliyekuwa amefiwa na mama yake na akajitokeza kwenye kiwanja cha ndege za hifadhini. Aliutunga kama zawadi kwa binti yake na hakukusudia uingie katika albamu. Russell ndiye aliyeona unafaa. Unapigwa kwa ukulele, ni mwepesi, unachangamka, na katikati inaingia kwaya ya kanisa la Kipentekoste la Leytonstone, mtaa uleule wa utoto wake, ikimsindikiza mtoto wa tembo kupanda mlima. Katikati ya albamu ya mtu aliyejiinamia, wimbo huu unakaa kama mgeni aliyekosea mlango, na kuna wasikilizaji wanaoona ungeachwa nje. Mimi naona kama ungeachwa, albamu ingekosa pumzi. Nyimbo tatu za kabla yake zinabana kifua.

Lakini mimi ni mtu wa Mkomazi pia. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, kisha ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa katika muongo wa 2000, na inapakana na Tsavo Magharibi upande wa Kenya, kwa hiyo tembo wake hawana taifa moja. Wanafuata maji na malisho. Upande wa pili inagusa vijiji vilivyopo chini ya milima ya Upare. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani yake waliondolewa, na kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Rufani. Na mwaka wenyewe wa albamu, 2014, ndio mwaka ambao sensa ilionyesha tembo wa Tanzania wamebaki takriban 43,000, kutoka zaidi ya 109,000 waliohesabiwa mwaka 2009, na sababu kubwa ilikuwa ujangili wa meno. Haya yote hayamo katika wimbo, na sidai kwamba yangekuwamo. Baba anayemwimbia mtoto wake hana wajibu wa kusoma ripoti ya sensa.

Nilitaka tu kusikia wimbo huo ungesemwaje na mtu anayeishi nao hao tembo. Shangazi yangu analima mahindi Kisiwani, ukingoni mwa hifadhi, na nilipokwenda kumsalimia nilimchezea kwenye simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto mmoja mmoja, nikamweleza kwamba ni Mzungu ameimba kuhusu mtoto wa tembo wa hapa kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwaya ilipoingia alitikisa kichwa kwa kuikubali, maana yeye ni mwanakwaya wa Kisabato tangu ujana na sauti za watu wengi anazijua kuzipima. Kisha akaniuliza:

“Baba, na huyo mama yake aliuawa na nani?”

Nikamjibu kwamba wimbo hausemi.

“Na yeye mwenye wimbo alikuja mwezi gani?”

Hilo nalo sikuwa na jibu lake. Akasema basi haikuwa mwezi wa mahindi kukomaa, akaendelea kuchambua mboga.

Alichokisema baadaye, bila mimi kumuuliza, ni kwamba mtoto wa tembo aliyefiwa aliwahi kumwona yeye pia, miaka mingi iliyopita, na kwamba watoto wa kijiji walitaka kumpa maji na watu wazima wakawakataza, kwa sababu harufu ya watu ingewaita wengine au ingewafukuza, hakuna aliyejua lipi. Alieleza usiku wa kulinda shamba kwa tochi na madebe. Alieleza kuhusu kifuta jasho, malipo ambayo serikali humpa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, na muda ambao fomu hutumia njiani. Hakuwa na chuki na tembo hata kidogo. Alizungumza juu yao kama mtu anavyozungumza juu ya ukoo mkubwa wa jirani wenye mashauri mengi. Nilirekodi mazungumzo hayo kwenye simu kwa ruhusa yake, na kutoka humo ulitoka wimbo mwingine, ambao sauti yake ya kuongea ndiyo inayoufungua.

Sidhani kwamba wimbo wangu ni bora kuliko wa Albarn. Wake unaimbika mara ya kwanza na wangu unataka uvumilivu. Nilichokipata kwake ni ruhusa ya kuwa mahali fulani. Yeye aliimba akiwa amesimama kwenye kiwanja cha ndege, mahali mgeni anaposhukia, na hakujidai kuwa mwenyeji. Mlima anaupanda mtoto wa tembo, si yeye. Ningemwona mwongo kama angeimba shambani. Mimi nikiimba kiwanjani nitakuwa mwongo vilevile.

Suala la kwaya lilitokana na Albarn moja kwa moja, sitalificha. Kwaya ya Leytonstone inarudi mwishoni mwa albamu, katika Heavy Seas of Love, ambamo mwanamuziki na mtayarishaji Brian Eno anaimba beti kwa sauti nzito ya mtu asiye na haraka, na kwaya inamwinua. Sikiliza mahali kwaya zilipowekwa: mara ya kwanza katika wimbo wa mtoto, mara ya pili katika wimbo wa kuagana. Kwingine kote Albarn yuko peke yake au na mtu mmoja, kama alivyo na mwimbaji Natasha Khan katika The Selfish Giant, wimbo unaolalamika kwamba mapenzi yana kazi ngumu mbele ya televisheni iliyowashwa. Ningekuwa mimi, kwaya nzuri kama ile ningeitia katika nyimbo saba. Mwanamuziki wa dansi akipata waitikiaji wazuri hawaachi wakae.

Nilimwomba shangazi anikutanishe na kwaya yake. Mwalimu wa kwaya, mzee mwenye kusema kidogo, alitaka kuona maneno kwanza, akayasoma kwa kalamu mkononi, akabadilisha sehemu mbili ambazo aliona hazimfai Msabato kuziimba, na katika moja kati ya hizo alinipa neno zuri kuliko langu. Jumamosi haikuwezekana, kwa sababu ni Sabato. Siku za kazi wako mashambani. Ikabaki Jumapili mchana, wakati jua linapobana na paa la bati la kanisa linapolia. Kijana wa Sinza alikuja na vifaa vyake katika basi, akaweka vipaza sauti viwili, akakaa chini sakafuni kati ya safu za viti. Mlio wa bati ulimsumbua mara ya kwanza. Mara ya pili aliuacha, na umo katika albamu, chini ya sauti ya nne, kwa anayejua kuutafuta.

Everyday Robots ilifika nafasi ya 2 katika chati ya albamu ya Uingereza na ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Mercury ya mwaka 2014, tuzo waliyoichukua Young Fathers wa Edinburgh. Albarn alirudi kwa Blur na Gorillaz, na albamu yake ya pili ya aina hii haikuja hadi Novemba 2021, miaka saba baadaye. Mimi yangu ilitoka kimya kwenye simu za watu, nakala chache za diski nikawapa wale ambao gari zao bado zina kitundu cha kuzipokea, na Ijumaa inayofuata nilikuwa ukumbini na bendi nikiziba nafasi kama kawaida. Hakuna aliyenifukuza. Mpiga solo alisema albamu ni nzuri kwa kulalia, na nadhani alikusudia kunisifu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya karatasi: nani ameandika nini na nani agawiwe nini. Katika bendi hilo huamuliwa na uongozi, na wengi wetu tumezeeka bila kujua haki zetu zimeandikwa wapi. Safari hii nilikaa na kijana wa Sinza tukagawa kila wimbo kabla ya kwenda kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki: yeye na mimi katika nyimbo nyingi, mwalimu wa kwaya katika mmoja kwa sababu ya neno lake, shangazi katika mwingine kwa sababu maneno ya mwanzo ni yake. Rafiki yangu mpiga besi alitaka jina lake lisitokee popote, na nikatii. Kwaya nayo ilitaka majina ya waimbaji wote yachapwe ndani ya jalada, na orodha iliyotoka Kisiwani ilikuwa na majina mawili ya sauti ya kwanza ambayo kijana aliyahesabu na kuona hayalingani na watu aliowarekodi. Nilimpigia simu mwalimu. Akasema hao wawili walikuwa zamu ya kulinda mahindi usiku uliotangulia na siku ile walikuwa wamelala, lakini mazoezi yote walikuwapo na sehemu yao ndiyo iliyofuatwa na wenzao. Majina yamechapwa.